Maji Yasiyomwagika: Kulinda Kompyuta na Unyevu katika Bonde la Ruzizi

Mhadhara uliotolewa Sange, Kivu ya Kusini, mbele ya walimu, wauguzi, makatibu wa ofisi na mafundi. Umechapishwa kwa maombi ya waliohudhuria.

  

Nimeombwa nizungumze juu ya jambo moja: namna ya kulinda kompyuta, na vipande vilivyo ndani yake, visiharibiwe na unyevu. Ningependa kila mtu anayetunza kompyuta hapa, iwe ya shule, ya kituo cha afya, ya parokia au ya kibanda cha fotokopi, aondoke akijua maji huingiaje ndani ya mashine ambayo haijanyeshewa hata tone, na afanye nini kwa mali aliyo nayo. Sitataja vifaa vya maelfu ya dola. Nina hoja tano. Ya pili ndiyo nitakayokaa nayo zaidi, kwa sababu hapo ndipo mashine nyingi zinapofia.

Hoja ya kwanza: maji yamo hewani, na hufuata ubaridi

Hewa tunayovuta humu ukumbini ina maji. Hatuyaoni kwa sababu ni mvuke. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la digrii 30 huweza kubeba hadi gramu 30 hivi za mvuke. Hewa hiyo ikipoa hadi digrii 20, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17. Ikifika 15, hubeba kama 13 tu. Maji yanayozidi lazima yatue mahali, nayo hutua juu ya kitu chochote kilicho baridi kilicho karibu. Huo ndio umande, na haujali kama kitu hicho ni jani la mhogo au ni ubao wa saketi.

Kipimo hiki kidogo mnachokiona mezani kinapima joto na unyevu wa hewa. Sasa hivi kinasoma digrii 29, unyevu asilimia 66. Fundi anataka kujua neno moja tu: kitu kiwe baridi kiasi gani ndipo kianze kulowa? Iko hesabu ya haraka, na inafaa wakati unyevu unapozidi asilimia 50. Chukua 100, toa unyevu uliosomwa. Kinachobaki gawa kwa tano. Jibu lake litoe kwenye joto la hewa. Haya, tufanye pamoja. 100 toa 66 ni 34. Gawa kwa tano, ni karibu 7. 29 toa 7 ni 22. Maana yake leo, humu ndani, kitu chochote chenye digrii 22 kushuka chini kitalowa, ingawa nje jua linawaka na kiangazi hakijaisha.

Chupa hii ya maji imekaa kwenye barafu tangu asubuhi. Mwalimu uliyeketi mbele, tafadhali ipitishie kidole, kisha uwaonyeshe wenzako. Mmeona: kidole kimelowa na kizibo hakijafunguliwa. Maji hayo hayakutoka ndani ya chupa, yametoka katika hewa ya ukumbi huu. Chuma kilicho ndani ya kompyuta baridi hutoa jasho namna hiyo hiyo, ila chupa tunaiona na ubao wa saketi umefichwa.

Mtaniambia: Sange si nchi ya baridi, ubaridi huo unatoka wapi? Unatoka sehemu tatu.

Kwanza, milimani. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko chini ya mita 800. Na mto Ruzizi unateremka kutoka lile hadi hili. Nyinyi mnaishi chini ya ngazi hiyo. Mashine iliyolala ofisini Bukavu, juu kando ya Ziwa Kivu, inaamka na digrii 16 au 17. Ikizungushiwa mablanketi ili isigongwe, ikapangwa katikati ya mizigo, ikashuka mteremko wa Ngomo, ikapita Kamanyola na Luvungi, inaweza kufika hapa ganda lake likiwa limepata joto huku vyuma vizito vya ndani, hasa diski kuu na kipozajoto cha prosesa, vingali na ubaridi wa mlimani. Blanketi lililozuia mtikisiko limezuia na joto lisiingie.

Pili, gari lenye kiyoyozi. Hili ndilo nimeliona likiharibu laptopu nyingi kuliko barabara yenyewe. Mgeni wa mradi fulani anasafiri saa nzima ndani ya gari lililopozwa hadi digrii 18, mashine ikiwa mapajani. Anashuka mbele ya kituo cha afya, anafungua kifuniko na kubonyeza kitufe papo hapo, kwa kuwa watu wanamngoja. Hesabu tuliyoifanya inasema mashine ile inalowa wakati ule ule anapoiwasha.

Tatu, paa. Bati hupoa haraka usiku usio na mawingu. Nyumba ikilaliwa na watu wengi, au ikipikiwa ndani, mvuke hupanda, hukuta bati baridi, na alfajiri matone yanadondoka kutoka kwenye misumari. Mwenye kompyuta chini ya bati lisilo na dari anadhani paa linavuja. Halivuji, ni pumzi za waliolala zinazorudi chini.

Hoja ya pili: maji hupata nguvu ya kuua yakikutana na uchafu na umeme

Maji ya umande, yakiwa safi kabisa, hupitisha umeme kwa shida. Mtu akisikia hivyo anaweza kutulia, na hapo atakuwa amekosea, kwa sababu ndani ya kompyuta hakuna usafi huo. Feni imevuta kwa miezi vumbi la barabara yetu, moshi wa makaa, na nyuzi za nguo. Vidole vya fundi aliyeifungua mara ya mwisho viliacha chumvi ya jasho. Umande ukitua juu ya uchafu huo, chumvi inayeyuka, na tone lililokuwa karibu halina madhara linageuka njia ya umeme.

Kuna jambo zaidi. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji hewani na kuyeyuka unyevu unapofika asilimia 75 hivi, kabla umande wowote haujaonekana. Ndiyo sababu mashine za Mombasa na Unguja, zinazopigwa na upepo wa bahari, huota kutu hata zikiwa ndani ya nyumba isiyovuja. Sisi hatuna bahari. Tuna vumbi na jasho, navyo vinatosha.

Naomba sasa muitazame kadi hii. Ipitisheni mkono kwa mkono, mkiishika pembeni. Ilitolewa ndani ya kompyuta ya kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja. Haikumwagiwa maji, haikunyeshewa. Ilikaa juu ya sakafu ya saruji, imeegemea ukuta wa nje, masika mbili. Angalieni karibu na soketi ya umeme: kuna ukungu wa kijani, hiyo ni shaba iliyoliwa. Kwenye meno ya dhahabu yanayoingia katika ubao kuna madoa meusi. Na pale kati ya miguu miwili ya chipu, mwenye macho makali ataona uzi mwembamba unaong'aa kidogo. Fundi hakuuweka uzi ule. Umeota wenyewe.

Unaotaje? Miguu ya chipu za siku hizi imeachana kwa nusu milimita au pungufu. Mguu mmoja una umeme wa chanya, jirani yake hasi. Utando wa maji ukiiunganisha, chembe za chuma huyeyuka kutoka upande wa chanya, husafiri ndani ya utando ule, na hujijenga upya upande wa hasi, zikichipua matawi kurudi zilikotoka. Bati la kulehemu, shaba na fedha vyote hufanya hivyo. Tawi likifika ng'ambo, miguu imeunganishwa, na umeme unapita pasipopaswa. Mara nyingine tawi huungua na kukatika, mashine ikarudi kufanya kazi, kesho ikagoma tena. Mwenye mashine anasema ina pepo. Fundi asiyefungua akatazama kwa lenzi anabadilisha programu, anatoza pesa, na ugonjwa unabaki.

Mtambue basi kwamba tawi haliwezi kuota bila umeme. Mashine iliyolowa bila umeme inaota kutu polepole, na kutu inachukua siku na wiki. Mashine iliyolowa ikiwa na umeme inaweza kufa kwa dakika. Kwa hiyo, kati ya yote niliyokuja kuyasema, hili ndilo ninaloomba likae vichwani: mkishuku kwamba mashine ina maji, msiiwashe ili kuona kama bado ni nzima. Kuijaribu ndiko kunakoiua. Ikingoja hadi kesho haitapungukiwa na kitu.

Laptopu iliyozimwa pia haijaachana na umeme. Betri ikiwa mahali pake, sehemu fulani za ubao mkuu zinaendelea kupata volti 3 na kidogo, zikingojea kidole chako kwenye kitufe. Ndiyo maana fundi mwenye akili hutoa betri kwanza, kisha ndipo anauliza kilichotokea.

Halafu iko betri ndogo ya duara, ile yenye maandishi CR2032, inayotunza saa ya kompyuta ikiwa imezimwa. Ni ya volti 3, na kazi yake inataka umeme kidogo sana. Unyevu na uchafu ukifungua njia ya kuvuja kati ya pande zake mbili, betri ambayo ingeishi miaka inakwisha mapema. Wauguzi, sikilizeni hapa. Kompyuta ikiwashwa asubuhi na kuonyesha tarehe ya miaka mingi nyuma, msiendelee kuandika. Betri inaweza kuwa imezeeka tu, au unyevu unaweza kuwa umeimaliza. Vyovyote vile, kila chanjo mtakayoiingiza siku hiyo itapewa tarehe ya uongo, na mtoto ataonekana amechanjwa kabla hajazaliwa. Rekebisheni tarehe, andikeni katika daftari kwamba imetokea, kisha mwiteni fundi afungue.

Tatizo hili la unyevu ni la zamani kuliko kompyuta. Katika Vita Kuu ya Pili, askari wa Afrika Mashariki walipelekwa Burma, na Wakongo walikuwako pia na hospitali yao ya vitani iliyofuatana na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Huko, na katika visiwa vya Pasifiki, majeshi yaliona redio zilizotengenezwa kwa nchi za baridi zikifa katika mvua za msituni: nyaya ziliota ukungu, betri zilikwisha ndani ya makasha. Viwanda vikaanza kupaka saketi vanishi maalumu na kuziba makasha kwa mpira. Vanishi hiyo ina wajukuu leo, ni tabaka jembamba la akriliki au silikoni linalopakwa juu ya ubao wa saketi wa magari, wa inveta na wa mitambo ya sola. Mkinunua inveta ya kuwekwa kibandani, muulizeni muuzaji kama ubao wake umepakwa. Lakini msipake wenyewe kwa rangi ya kucha au vanishi ya milango. Ukifunika ubao mchafu wenye unyevu, umeyafungia maji ndani, na kutu itaendelea chini ya rangi.

Hoja ya tatu: joto dogo, daima

Mwaweza kudhani dawa ya unyevu ni ubaridi wa kiyoyozi. Katika jengo lililozibwa vizuri, lenye umeme saa 24, ni kweli: kiyoyozi hukamua maji na kuyamwaga nje. Katika ofisi zetu, umeme ukikatika saa tisa mchana, kiyoyozi kinanyamaza, hewa ya bonde inaingia kupitia madirisha, na inakuta kila kitu kimepoa. Kiyoyozi cha saa tano kwa siku ni hatari kuliko kutokuwa nacho.

Sisi tufuate njia nyingine. Mashine yenye joto lililozidi kidogo lile la hewa inayoizunguka hailowi. Chukueni hewa ya alfajiri yenye digrii 24 na unyevu asilimia 85. Ipasheni hadi 29 bila kuiongezea maji, na unyevu wake unashuka hadi asilimia 63. Digrii tano tu! Kompyuta inayofanya kazi hujipasha yenyewe, na kwa hiyo mashine inayotumiwa kila siku huishi muda mrefu kuliko ile iliyotunzwa kwa heshima ndani ya kabati, ikingoja mkaguzi. Shule zenye kompyuta za msaada zilizofungiwa stoo, naziomba ziziwashe saa moja au mbili, angalau mara mbili kwa wiki, mchana jua likiwa limeshapasha chumba.

Usiku ndio mgumu. Mafundi wa zamani waliweka balbu ya nyuzi ya wati 15 au 25 ndani ya kabati la redio na kamera, ikaipasha hewa usiku kucha. Balbu za LED za leo hazitoi joto la kutosha kazi hiyo, na wengi wenu mnategemea sola, ambayo usiku haina cha kugawa. Kwa hiyo nashauri sanduku. Tafuteni kasha la plastiki lenye kifuniko chenye mpira, linaloingia laptopu, diski za nje na flashi. Ndani yake wekeni silika, zile punje zinazokuja katika vipakiti ndani ya viatu vipya na ndani ya makopo ya dawa. Wauguzi, msivitupe. Silika hunywa maji hadi theluthi ya uzito wake hivi, kisha inashiba na haifai tena mpaka ikaushwe kwenye joto la digrii 120 hivi kwa saa kadhaa. Kikaango kikavu juu ya mbabula yenye makaa machache, mbali na miali, kinatosha kwa punje nyeupe za kawaida zilizotolewa kwenye vipakiti vyake, mkizigeuza mara kwa mara. Kikaango hicho kisirudi jikoni. Punje za buluu zinazogeuka waridi zikishiba zina kobalti yenye sumu, na ukizichoma kupita kiasi unaziharibu pia. Msizikaushie jikoni kabisa, wala mtoto asizichezee.

Nimeona watu wakiweka makaa ndani ya sanduku kwa kuwa yanavuta unyevu. Yanavuta kidogo, lakini unga wake hupitisha umeme, na ukiingia kwenye feni umejitengenezea maradhi mapya. Chumvi za kukausha zinazouzwa kwa ajili ya kabati za nguo nazo ziacheni: zikishiba zinadondosha maji ya chumvi, adui yule yule tuliyemkimbia.

Mengine nitayapitia upesi. Mashine isikae sakafuni; meza inatosha. Isiguse ukuta wa nje, iachie upana wa kiganja hewa ipite. Isikae chini ya maungio ya mabati. Ikizimwa na kupoa, ifunikeni kwa kitambaa cha pamba. Ikifanya kazi isifunikwe kamwe. Asiye na kipimo cha unyevu atazame karatasi ya printa: ikianza kujikunja na kunasa, hewa ya chumba hicho imelowa.

Hoja ya nne: safari ina masharti yake

Anayetoka kwenye baridi kwenda kwenye joto aifunge mashine ndani ya mfuko mzito wa plastiki kabla ya kuondoka kwenye baridi, autoe hewa kwa mkono, na aufunge mdomo barabara. Akifika, asiufungue. Umande utatua juu ya plastiki, nje. Mashine ikae humo hadi joto lake lilingane na la chumba: laptopu saa mbili au tatu, kompyuta ya mezani nusu siku. Ukiushika mfuko na ungali baridi, bado. Mwenye mkutano saa nne afike mapema, au alale huku usiku wa kuamkia siku hiyo.

Anayepanda kutoka hapa kwenda Bukavu ana tatizo la kinyume. Akifunga hewa ya bonde, yenye mvuke mwingi, ndani ya mfuko, ikifika juu itapoa na kutoa maji mle mle. Safari ya kupanda, begi la kawaida linalopumua linafaa. Akitaka plastiki kwa ajili ya mvua, atie vipakiti vya silika ndani.

Najua pia kwamba watu wa bonde hili mmefunga mizigo mara nyingi kwa haraka na kukimbia, bila kuchagua saa. Vifaa vimekaa miezi katika maghala ya parokia, katika vyumba vya ndugu, chini ya turubai. Mashine iliyorudi kutoka huko isichomekwe siku iliyofika. Itolewe betri, ifunguliwe, ipigwe vumbi kwa brashi kavu, ikae mahali pakavu penye upepo siku mbili au tatu, fundi aitazame kwa tochi. Umengoja miezi kurudi nyumbani. Mashine iongezee siku mbili.

Hoja ya tano: mchele hauponyi

Sisi wa Kivu tunakula mchele uliolimwa katika bonde hili, na kwa hiyo nasema haya kwa upendo. Simu au laptopu iliyolowa, mtu anaizika ndani ya ndoo ya mchele. Mchele mkavu hauvuti maji kushinda hewa ya kawaida yenye upepo, na unaacha unga wa wanga na vipande vidogo ndani ya matundu. Mwaka 2024 kampuni ya Apple iliwaandikia wateja wake waziwazi wasiweke simu zao kwenye mfuko wa mchele. Zaidi ya hayo, mchele hauondoi chumvi wala uchafu ulioingia pamoja na maji.

Kinachosaidia ni hiki. Katisha umeme, toa betri. Igeuze maji yatoke. Kama kilichoingia ni soda, chai au maji ya mto, ubao unapaswa kuoshwa, ndiyo, kuoshwa, kwa maji yaliyosafishwa yasiyo na chumvi, kisha kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, kwa brashi laini. Hiyo ni kazi ya fundi, na ifanyike mbali na moto. Kisha upepo wa feni, siku mbili. Jua kali huharibu kioo, na mashine ya kukaushia nywele huyasukuma maji ndani zaidi. Diski kuu msiifungue kamwe. Nyingi zina tundu dogo la kupumulia lenye chujio, na ikiwa maji yameingia mle, mwachieni mwenye maabara ya kuokoa data.

Kwa nini nimewachukulia muda wenu kwa hesabu za umande? Kwa sababu ndani ya mashine hizi sasa wamo watoto wetu: majina yao, matokeo ya mitihani, chanjo, ubatizo, mipaka ya mashamba. Zamani katibu aliandika katika daftari, na daftari likilowa lilianikwa juani. Usiku wa kuamkia 17 Aprili 2020, mito ilipofurika Uvira, watu walipoteza nyumba, na ofisi zikapoteza karatasi na mashine pamoja. Ndiyo maana nasema nakala moja ya kila rejista ikae mahali pengine, juu ya mlima ikiwezekana, ndani ya sanduku kavu, na ibadilishwe kila mwezi. Kura zetu nazo hutegemea mashine: mashine za kupigia kura zilitumika nchini kwetu Kongo 30 Desemba 2018 na tena 20 Desemba 2023, mara zote mbili katikati ya majira ya mvua ya huku kwetu, na kati ya kura na kura kuna miaka mitano ya kukaa ghalani. Mwananchi ana haki ya kuuliza vifaa hivyo vinalala wapi, na nani anasoma kipimo cha unyevu cha ghala hilo. Ni swali la haki kama lilivyo swali la nani anahesabu kura.

Umeme utaongezeka. Mto huu huu unaopita kando yenu unazungusha mitambo ya Ruzizi ya Kwanza tangu miaka ya 1950 na ya Pili tangu 1989, na ya Tatu inasubiriwa na nchi tatu, Kongo, Rwanda na Burundi. Siku umeme huo utakapofika kila shule, kompyuta zitakuja nyingi kuliko tulizo nazo, na vijana waliosimama dirishani leo kwa kukosa nafasi ndio watakaozitunza. Ningependa wakute desturi imeshajengwa.

Kwa hiyo naacha maombi matatu. Shule, kituo cha afya na parokia kila moja inunue kipimo cha unyevu, na mtu mmoja mwenye jina aandike kinachosomwa asubuhi na jioni katika daftari. Masanduku yawe tayari, na silika ikaushwe, kabla mvua za Septemba hazijaanza. Na mafundi wa Sange, Luvungi na Kiliba mkubaliane bei moja ya kusafisha mashine mara mbili kwa mwaka, ambayo shule isiyo na kitu inaweza kuilipa. Kipimo hiki kilichoko mezani nakiacha hapa, kwa mwalimu mkuu. Nitarudi katikati ya masika kulisoma daftari lake, na wenye mashine zinazoshukiwa mje nazo siku hiyo, zikiwa zimetolewa betri.